Hesabu za Kugawanya na Chungu cha Makande

Mwalimu wangu Raheli,

Hii ni wiki ya sita tangu uzikwe kwenu Kighare. Mazishini sikufika. Habari ilipopanda huku Pare ya Kusini, ulikuwa umeshalala kaburini siku nne. Nilipoambiwa nilisema, "Asante kwa taarifa," nikarudi kusahihisha madaftari. Watu wananishangaa. Hata mimi najishangaa. Sikulia, nililala vizuri tu.

Nimepewa darasa lako la nne. Paa linavuja palepale, na picha ya Malkia wa Uingereza ukutani imeanza kuota ukungu. Fimbo yako ya kuonyeshea ramani nimeiacha kabatini, sijaigusa.

Kuna jambo nimelikwepa kukuambia, na wewe hukupenda watu wa kupindapinda maneno. Wasichana walirudishwa jikoni.

Unakumbuka ilivyokuwa kabla hujaja. Makande hayana haraka, yanabandikwa asubuhi yakaiva saa saba. Basi wasichana walikaa darasani kwa kusoma na kuimba, na hesabu zilipoanza wakatoka kwenda kuchochea moto. Hakuna msichana wa shule yetu aliyejua kugawanya, na sisi wavulana tukasema ndivyo akili zao zilivyo. Ulipoleta zamu, wavulana na wasichana pamoja, mimi ndiye niliyesema kwa sauti kwamba mwanamume aliyekwisha kutahiriwa hawezi kukoroga chungu kwa amri ya mwanamke. Hukunichapa. Ulinipa mwiko.

Siku ile tulitia chumvi mwanzo kabisa, maharage yakagoma kuiva. Saa nane bado yanagonga meno. Uliketi nasi, ukamaliza sahani yako yote, ukasema, "Leo tumemwona asiyefundishwa. Si mjinga, hakufundishwa tu." Nilicheka kwa kuwa sikujua pa kuweka uso.

Ulipofariki, wazee wa shule walikaa, na mwenyekiti wao ni baba yangu. Walisema zamu yalikuwa mambo ya Mwalimu Raheli, naye ametangulia. Baba akanigeukia: "Au vipi, mwalimu?" Nikasema, "Ndiyo, baba." Maneno mawili. Naona aibu hata kuyaandika. Wiki tatu nilifundisha kugawanya huku nusu ya madawati yakiwa matupu, na mtihani wa kwenda shule ya kati uko mlangoni. Namkunda, yule binti wa mjane aliyehamia kutoka Kihurio, alikuwa akipenyeza kichwa dirishani, macho mekundu kwa moshi, ananakili ya ubaoni mpaka wenzake wamwite kwamba makande yanaungua. Mwanamke anatawala dunia kutoka ukutani kwetu, Namkunda haruhusiwi kuacha chungu.

Wiki ya nne nilimwahi baba asubuhi kabla hajatoka kwenda msaragambo, ile kazi ya kijiji ya kuzibua mfereji. Nilimwamkia, nikamwambia zamu inarudi Jumatatu, na kama haifai, watafute mwalimu mwingine.

"Yule mwanamke alikulisha nini?" akauliza.

"Maharage mabichi, baba."

Hakucheka. Tangu siku hiyo haitikii shikamoo yangu. Tunapishana njiani naye anatazama migomba. Inaniuma, mwalimu, kuliko ninavyoonyesha. Bado hajaitisha kikao cha kunifukuza, lakini najua anaweza.

Wavulana waliingia jikoni wamenuna. Na jana Namkunda alisimama ubaoni, akagawanya arobaini na tano kwa sita. Akapata saba, ikabaki tatu. Akaikazia macho ile tatu, akaniuliza, "Mwalimu, hii iliyobaki inakwenda wapi?"

Nilitoka nje. Nikaenda nyuma ya darasa nikalia, kwa mara ya kwanza tangu ufe, mpaka kengele ikagongwa.

Pumzika, mwalimu wangu. Maadamu chaki iko mkononi mwangu, hakuna mtoto atakayekosa hesabu kwa kuwa tu ni wa kike. Wakinifukuza, nitakuja Kighare kukuambia kwa mdomo wangu.

Kesho nitamjibu Namkunda. Sijui nitasema nini, lakini nitamjibu akiwa ameketi dawati la mbele.

Mwanafunzi wako,
Elisaria