Mistari Iliyolalia Kushoto

Mwaka umezunguka, Fundi, tangu Jumatatu ile ulipobeba kisanduku chako cha vifaa, ukambusu Kijiko shavuni, ukamhimiza Mheshimiwa asikose basi la shule, kisha ukashuka ngazi ukipiga mluzi. Hukurudi. Moyo wako ulisimama ukiwa kazini, kabla hata ya saa ya chakula. Wenzako walifanya kila walichojua, daktari naye akafanya chake, lakini ulikuwa umeshakwenda. Tulikuzika huku huku ugenini. Dada yako alikuaga kwenye simu iliyoshikwa na mwenzako wa zamu, kwa sababu kibali chake cha safari hakikutoka kwa wakati.

Kwa wasiokujua, ulikuwa fundi wa lifti, na katika maisha yako yote ya huku ulikaa ghorofa ya nne kwenye jengo lisilo na lifti. Ulilicheka jambo hilo kuliko tulivyolicheka sisi. Ulipanda ngazi zile na Kijiko mabegani na mifuko ya sokoni mikononi, na kila ghorofa ukitangaza: "Milango inafunguliwa, abiria tuangalie miguu." Na ole wetu tukiingia kwenye lifti ya watu, dukani au hospitalini. Ulikuwa unabandika sikio ukutani mbele za wageni, umekunja uso, halafu unatoa hukumu: "Hii inanung'unika. Wiki mbili haimalizi." Mke wako alikuwa akitazama viatu vyake kwa aibu. Siku hizi akiingia kwenye lifti anajikuta anasikiliza.

Ulikuwa mwema bila kujitangaza. Bibi wa ghorofa ya kwanza, yule anayeishi peke yake na paka wake, ulimbebea mizigo kila ulipomkuta mlangoni. Yeye akikusemesha kwa lugha yake, wewe ukimjibu kwa Kiswahili, na mlikuwa mnaelewana vizuri kabisa, au kila mmoja aliamini hivyo. Siku ya mazishi alikuja na gauni jeusi, akamshika mke wako mkono, akaongea maneno mengi sana. Hatukuambulia hata moja, na tulilia pamoja naye.

Watoto uliwapa majina yako mwenyewe. Mdogo ulimwita Kijiko kwa sababu alizunguka na kijiko mdomoni tangu alipojifunza kukaa. Mkubwa ulimwita Mheshimiwa kwa sababu hakukubali jambo lolote lipite nyumbani bila kulijadili, hata saa ya kuoga. "Naomba Mheshimiwa aketi," ulikuwa unamwambia. "Serikali imesikia."

Na kichwa cha Mheshimiwa kilikuwa mali yako. Hapa ndipo tunapotaka kukusimulia, kwa sababu mwaka wote huu umebebwa na kichwa hicho.

Mtaa wetu haukuwa na msusi anayezijua nywele zake. Mke wako kila Jumapili alikuwa zamu kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na isitoshe, yeye mwenyewe alikua na nywele zilizonyolewa fupi mpaka anamaliza shule. Mikono yake inajua kutandika kitanda mtu akiwa amelala juu yake, lakini kusuka haijui. Ukasema, "Mtu anayeunga nyaya za lifti atashindwa na nywele?" Ukampigia simu dada yako. Akamweka binti yake mbele ya kamera, akakufundisha mstari kwa mstari, na wewe ukafuatisha huku ulimi umetoka nje.

Kosa mlilifanya wote wawili siku hiyo hiyo. Dada yako alikaa akikutazama, na wewe ukaiga unachokiona kama mtu aliye mbele ya kioo. Yeye akipeleka mstari kulia, wewe ukapeleka kushoto. Miezi ilipita, Mheshimiwa anakwenda shule na mistari iliyolalia kushoto yote, safi, imekazwa vizuri, na hakuna aliyeng'amua. Mpaka dada yako alipotumiwa picha ya binti yake na ya Mheshimiwa zimewekwa pamoja.

"Kaka," akasema, "mbona mtoto umemsuka kinyume?"

Hukubabaika hata kidogo. "Huku magari yanapita upande wa pili wa barabara," ukamjibu. "Na nywele nazo zinafuata sheria."

Dada yako alicheka mpaka simu ikamponyoka. Hukubadilisha upande tena. Mheshimiwa mwenyewe alikataa katakata, akasema mistari ya kulia ni ya watu wengine.

Jumapili yako ya mwisho ulimsuka. Ndiyo maana tulipokuzika Jumamosi iliyofuata, kichwa chake kilikuwa kizuri kuliko vyote vilivyokuwepo pale, kinang'aa mafuta, kila mstari mahali pake. Watu walimsifia mtoto alivyopendeza. Mke wako alisikia sifa zile akatamani ardhi impokee na yeye.

Baada ya hapo Mheshimiwa akaweka msimamo. Hakuna kufumua. Akioga anavaa mfuko wa plastiki. Akilala anajifunga kitambaa mwenyewe na kukagua fundo. Nywele zikaota chini ya misuko, mistari ikalegea, ikajaa manyoya ya blanketi. Mke wako alijua kinachopaswa kufanyika, na alikuwa akijiambia anamwachia mtoto muda. Ukweli ni kwamba na yeye hakutaka. Mtoto akisinzia kwenye kochi mbele ya televisheni, alikuwa anapitisha kidole juu ya mstari mmoja, kutoka kwenye paji mpaka kisogoni, pale ulipopita wewe. Hakuwa na kitu kingine chochote ambacho mikono yako ilikuwa imekifunga na bado kimefungwa.

Lakini nywele hazisubiri mtu amalize kulia. Zilianza kushikamana, mwalimu akauliza kwa upole, na alasiri moja mke wako akachukua kitana, mafuta na bakuli la maji. Dada yako alikuwa kwenye simu, ameegemezwa kwenye mtungi wa sukari.

"Taratibu wifi," alikuwa anasema. "Anzia nchani. Usivute."

Mheshimiwa alikaa wima kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Hakulia. Kila msuko ulipofumuliwa alinyoosha mkono kuomba zile nywele zilizotoka, akazikusanya kwenye kiganja. Ilipokwisha, mke wako akasema, "Haya mama, sasa nikusuke vizuri." Akagawa nywele, akaanza. Mtoto akavumilia kidogo tu.

"Siyo hivyo."

"Basi niambie inavyotakiwa."

"Siyo hivyo, Mama. Wewe hujui." Akainuka, akaenda chumbani, akafunga mlango.

Tangu siku hiyo hakukaa tena magotini pa mtu. Nywele zake zilibanwa juu kwa kibanio, akijibana mwenyewe mbele ya kioo cha bafuni, zikiwa zimesimama kila upande. Mke wako alimpikia, alimfulia, alimsomesha, alimpeleka kwa daktari wa meno, na yote hayo aliyapokea kwa adabu. Kichwa tu ndicho hakukitoa. Utaona ni jambo dogo. Kwa mke wako halikuwa dogo. Alikuwa amekukosa wewe, na aliona anamkosa na mtoto, polepole, humo humo ndani, huku wanakula meza moja. Kitu alichokitaka mwaka mzima kilikuwa kimoja: binti yake arudi akae mbele yake, amgeuzie kisogo bila wasiwasi, kama alivyokuwa akikugeuzia wewe.

Akaamua kujifunza kwa siri. Alinunua dekio jipya la nyuzi nyeupe, akaliegemeza kwenye kiti chumbani, akawa analisuka akitoka kazini. Kijiko ndiye aliyemchoma. Alitembea hadi sebuleni akatangaza, "Mama anasuka fagio." Mheshimiwa akaja, akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mama, unalifanya nini hilo dekio?"

"Najifunza."

"Linakwenda wapi, harusini?"

Mke wako akacheka, mara ya kwanza baada ya muda mrefu kiasi kwamba Kijiko alimtazama kwa mashaka. Mheshimiwa akasogea, akakagua kazi.

"Unashika vibaya. Baba hakuwa anashika hivyo."

"Alikuwa anashikaje? Mimi sikuwahi kumwona."

"Hukuwahi?"

"Jumapili nilikuwa kazini, mwanangu. Nilikuwa nikirudi nakuta umeshasukwa."

Mtoto hakuwa amelifikiria hilo. Muda wote alidhani mama yake aliona na akasahau. Alisimama pale akilipima jambo, kama anavyopima kila jambo, kisha akapanda kitandani, akaachanisha magoti, akaonyesha zulia.

"Kaa hapa. Nikuonyeshe."

Basi mke wako akakaa chini, Fundi, akiwa bado na sare za kazi, na binti yako akamsuka. Aligawa nywele kwa mkia wa kitana, halafu akainama akapuliza juu ya mstari wote, mpaka mwisho.

"Unapuliza nini?"

"Lazima upulize. Baba anasema njia mpya ina vumbi."

Akamsukuma kichwa kwa kifundo cha kidole. "Tazama dirisha." Akasuka. Akamsukuma tena. "Sasa tazama friji."

"Humu chumbani hakuna friji."

"Jifanye ipo, Mama, usitingishike."

Alisuka mistari mitatu, imepinda, yote imelalia kushoto, na akawa anaimba puani wimbo usio na maneno wala sauti ya kueleweka. Mke wako akauliza ni wimbo gani. "Wa Baba. Hauna jina. Anauimba akifika nyuma ya sikio." Miaka kumi na moja mliishi pamoja, na hakuwahi kujua kwamba unaimba ukifika nyuma ya sikio.

"Na alikuwa anasema tufanye haraka," mtoto akaendelea, mdomo umebana kitana. "Eti mama yako anashuka basi sasa hivi. Halafu anakwenda dirishani kuchungulia. Basi likipita hujashuka, anarudi, anasema, 'Bado, haya, tusuke kwa raha zetu.'"

"Na nikishuka?"

"Ukishuka anasema, 'Yule pale. Mtazame anavyotembea.'"

"Ninatembeaje?"

"Sijui. Anasema hivyo tu. Mtazame anavyotembea. Halafu ananyamaza mpaka unapiga hodi."

Mke wako hakuweza kujizuia. Alilia pale chini na kichwa chake kimeshikwa, na mtoto akaacha kusuka kwa hofu.

"Nimekuvuta sana?"

"Hapana mwanangu. Hujanivuta. Endelea."

Alikuwa ameamini, Fundi, kwamba alishapewa sehemu yake yote ya wewe, na kwamba kazi iliyobaki ni kuitunza isipungue. Hakujua kuna Jumapili nyingi hajazifungua, na kwamba anayezishika ni yule yule mtoto aliyekuwa akimfungia mlango. Mheshimiwa naye tunadhani aliona kitu, maana alisuka mstari wa nne bila kuombwa. Asubuhi yake mke wako alikwenda kazini hivyo hivyo, nusu kichwa kimesukwa na nusu kimefungwa kitambaa, na wazee wakamsifia mmoja baada ya mwingine.

Ameomba kazini abadilishiwe zamu. Sasa Jumapili zake ni za nyumbani.

Jumapili iliyopita Mheshimiwa alileta kigoda mwenyewe sebuleni, akakaa kati ya magoti ya mama yake, akamgeuzia kisogo, akasema, "Haya. Lakini upulize." Mke wako akapuliza. Dada yako alikuwa kwenye simu kama kawaida, na hakuweza kunyamaza.

"Wifi, wifi, mistari inakwenda upande gani hiyo?"

"Wifi, niache," mke wako akasema. "Huku tunafuata sheria."

Kijiko alidai na yeye asukwe, na nywele zake ni fupi kama za brashi, akapakwa mafuta akaridhika. Alipomaliza mstari wa mwisho, mke wako alimgeuza Mheshimiwa akamtazama, na kwa kweli alipendeza. Watoto wakakimbilia kioo cha bafuni. Yeye akabaki na kitana mkononi, akasogea dirishani bila kukusudia, na ndipo basi likasimama pale chini. Akawatazama wote walioshuka, mmoja mmoja, wanavyotembea, mpaka wa mwisho alipopinda kona.

Tunaokukumbuka ni sisi: mke wako, binti yako Mheshimiwa, mwanao Kijiko, ambaye kila akisikia mluzi kwenye ngazi anakwenda mlangoni, dada yako na mume wake na watoto wao, wenzako wa kazi, ambao hawajampa mtu kabati lako, na bibi wa ghorofa ya kwanza, aliyeomba kwa ishara naye aandikwe.

Umetutoka machoni, Fundi, lakini hutatutoka moyoni, leo wala siku yoyote tutakayojaliwa.