Babu Lewa na Pumzi za Devji

Mwanatabu, uko? Nimetoka kwa bibi Kanze sasa hivi, na alilonihadithia siwezi kukaa nalo peke yangu.

Si wajua babu Lewa alikuwa askari wa Keya, lile jeshi la Waingereza, akapigana Burma? Kumbe vita alirudi navyo kichwani. Mwaka wa 1959 walikuwa wakikaa Magongo, na sufuria ikianguka tu, babu yuko chini ya kitanda.

Basi Mhindi mmoja waliyefanya naye kazi reli, Devji, ambaye naye alikuwa vitani, akamfundisha yoga. Alale chali, afumbe macho, avute pumzi polepole, aiachie polepole.

Bibi hakuambiwa. Hakuambiwa kitu!

Mchana mmoja anarudi kutoka kisimani, anamkuta mumewe chali mkekani, hatikisiki. Akajua amekufa. Akamrukia akipiga mayowe, "Lewa! Usiniache!"

Babu akamkaba koo.

Mwanatabu, akamkaba KOO. Macho yako wazi lakini hamwoni mkewe, anaona adui. Bibi sauti haitoki, giza lamjia. Akampapasa shavu tu, akampapasa, mpaka ile mikono ikalegea.

Babu akalia kama mtoto. "Kanze, rudi kwenu. Nitakuua."

Wajua bibi alimjibu nini, na shingo imevimba vile? "Waganga wote tumewamaliza, Lewa. Imebaki hii pumzi tu. Nifundishe na mimi."

Wakalala chali wote wawili, mlango wazi. Babu akafumba macho.

Bibi hakuyafumba yake.