Nilimmezea Mke Wangu Vidonge vya Damu, Sasa Naitwa Mume wa Mfano

Mshauri wetu mpendwa, pole na kazi ya kusoma mambo ya watu, mimi ni fundi cherehani, baba wa mtoto mmoja na wa pili yuko njiani, nakuomba unisaidie kabla ya Alhamisi kwa sababu Alhamisi saa tatu asubuhi natakiwa kusimama mbele ya wajawazito wote wa kliniki yetu nitoe ushuhuda wa jinsi ya kumeza vidonge vya kuongeza damu bila kukosa hata siku moja, na kweli sijakosa hata siku moja, tatizo ni kwamba mwenye mimba si mimi.

Nianze mwanzo usije ukaniona kichaa. Mke wangu alipojifungua mtoto wa kwanza alitokwa na damu nyingi sana, mtoto ameshalia, mimi nimeshampigia mama mkwe simu kumpa hongera, mara nikaona wauguzi wanakimbia, mlango ukafungwa, nikabaki kwenye benchi nimeshika kandambili zake kwa saa mbili, na kuhusu hizo saa mbili sitaki kusema zaidi. Kwa hiyo mimba hii ilipoingia tulikwenda kliniki mapema, na nesi wa pale, mama mmoja mkali ambaye wajawazito wanamwita Kamanda, akatueleza kwamba mama akienda kujifungua ana upungufu wa madini ya chuma damu yake inakuwa haina akiba, akitokwa na kiasi ambacho mwenzake angekivumilia, yeye kinaweza kumwondoa, akatupa vidonge, akanitazama machoni akasema, "Baba, kila mwezi niletee pakiti tupu. Nisisikie kidonge hata kimoja kimebaki wala kimetupwa." Nikamwapia, na mimi nikiapa nimeapa.

Siku ya kwanza mke wangu akameza, akatapika. Siku ya pili akatapika kabla ya kumeza, harufu tu ilimtosha. Siku ya tatu akaniambia, "Baba watoto, hiki kitu ni kama kulamba funguo. Meza wewe." Nikamwambia mimi sina mimba. Akasema, "Mimba ni yetu sote, ulisema mwenyewe mbele ya mama." Ni kweli nilisema. Nikamwambia basi tuvitupe, akanikumbusha nilichoapa. Mshauri, nilikaa kitandani nikatafuta kosa katika maneno yake sikuliona, nikameza kile kimoja ili tusigombezwe, nikijua kesho kichefuchefu kitakwisha na atameza mwenyewe. Hiyo kesho sasa ina miezi mitano.

Mimi nimenawiri, nabeba cherehani mbili kwa mpigo, ila choo changu kimekuwa cheusi kama lami na hakitaki kutoka, nakaa huko mpaka wateja wanaondoka na vitambaa vyao, na mwenzangu wa dukani, mama mtu mzima anayeshona vifungo, hunigongea mlango akiuliza, "Fundi, ni wa kike au wa kiume?" Mke wangu naye amepauka, akipanda ngazi tatu za mlangoni anahema kama aliyekimbizwa, na hapo ndipo chaki zangu za kukatia nguo zikaanza kupotea. Nikamshuku Mama Vifungo, nikampekua mkoba, akaninunia wiki mbili. Juzi nikarudi dukani ghafla nikamkuta mke wangu amekaa chini ya meza ya kukatia anatafuna chaki, midomo yote ya buluu, nikamuuliza ndiyo nini, akasema bila hata kuona haya, "Nesi alisema nahitaji na kalsiamu."

Mwezi uliopita walimpima damu ikasoma nane wakati walitaka ifike angalau kumi na moja. Kamanda akakuna kichwa, akazitazama pakiti zetu, zote tupu, akasema huyu mwili wake unakataa dawa, akaongeza iwe mara mbili kwa siku. Kwa hiyo sasa nameza viwili. Na kwa kuwa tangu aanze kazi hajaona nyumba inayomaliza vidonge namna hii, akanitangaza Mume wa Mfano, akapiga picha yangu akaibandika ukutani juu ya mizani, na kila mjamzito anayepimwa uzito ananitazama.

Mimba ina miezi saba na nusu. Nikisema ukweli Kamanda atanitafuna mbele za watu na picha itabanduliwa, na mama mkwe ameshawaambia majirani wote. Nikinyamaza, nawaza ule mlango. Naomba uniambie, nitoe ushuhuda kwanza ndipo niseme, au niseme kwanza? Na je, hii damu yangu iliyozidi, hakuna njia yoyote inaweza kumfikia mtoto?

Ni mimi fundi, ambaye hadi sasa ni Mume wa Mfano.

MSHAURI ANAJIBU

Fundi, mimba haingoji gazeti litoke, ndiyo maana nilikupigia ile namba uliyoiandika nyuma ya bahasha. Nilipiga mara tatu hukupokea. Ya nne ukapokea ukasema uko chooni. Niliyokuambia nayarudia hapa kwa maandishi, usije ukasema hukusikia kwa ajili ya mwangwi.

Nianze na swali lako la mwisho, maana limeninyima chakula cha mchana. Hapana. Hakuna njia. Ungemeza duka zima la dawa pamoja na rafu zake, mtoto yule asingepata hata chembe. Anakula kwa mama yake, na mama yake anakula chaki.

Pole kwa zile saa mbili kwenye benchi. Nakuamini kwamba uliogopa, na nakuamini kwamba unampenda. Lakini wewe mtu mzima mwenye akili ya kukata suti bila kukosea, ulishindwa kusema maneno mawili, "Sista, anatapika"? Hayo tu! Nesi angempa kidonge cha aina nyingine, au angemwambia ameze baada ya chakula au wakati wa kulala, au angempeleka akawekewe madini hayo kwa dripu. Badala yake umempelekea pakiti tupu, na yeye amezisoma kama ukweli, akaandika dawa zaidi kwa mgonjwa ambaye hajaonja ile ya kwanza. Hukumdanganya nesi peke yake. Ulimfumba macho mtu pekee aliyekuwa anamwangalia mkeo.

Nilikuomba umpe mkeo simu. Nilitaka kumgombeza na yeye, nikashindwa. Aliniambia, "Dada, mimi naogopa. Nikisikia ile harufu namuona nesi aliyekuwa ananigandamiza tumbo, ananiambia nisilale, nisilale. Sikutaka kukumbuka." Nikamwambia hofu hiyo ni halali yake, na nesi anatakiwa aijue, ajue pia kilichotokea uzazi wa kwanza, kiandikwe kwenye kadi kwa herufi kubwa. Aliyewahi kutokwa na damu anaweza kutokwa tena. Nikamuuliza kama chaki ameacha. Nikasikia kitu kinakatika menoni.

Hiyo chaki, mama, si dawa ya kalsiamu, na hamu yake mara nyingi ni dalili ya damu kupungua. Pia inazuia hata yale madini kidogo unayopata kwenye chakula. Fundi, zifungie kabatini, funguo kaa nazo. Kalsiamu ataipata kwa vidonge vyake, avimeze saa tofauti na vile vya chuma, maana vikienda pamoja vinazibiana njia. Chai na kahawa zikae mbali na kidonge, juisi ya chungwa au ya limau isogee karibu. Wewe acha kumeza leo hii. Mwambie daktari ulichofanya akupime, na ujiandae kwa kicheko chake.

Usingoje Alhamisi. Kesho kliniki ikifunguliwa muwe wa kwanza mlangoni, wote wawili, na useme wewe, usimsukumie mkeo. Kamanda atafoka. Afoke, ana haki. Akimaliza kufoka atapima upya na kuamua kama ni dripu, kwa sababu wiki zilizobaki ni chache na damu haipandi kwa siku moja. Muulizeni pia ni hospitali gani yenye damu ya akiba na daktari wa upasuaji, mkeo akajifungulie huko. Wala asije akadanganywa kuzalia nyumbani kwa sababu mama mkwe anawaonea haya majirani.

Na Alhamisi nenda ukatoe ushuhuda wako. Simama chini ya picha yako, kama bado ipo, uwaambie wale wajawazito ulichomeza, miezi mingapi, na damu ya mkeo ilisoma ngapi. Watavunjika mbavu. Waache wacheke, kisha waulize ni nani kati yao ambaye vidonge vyake vimo chini ya godoro, au kwenye tundu la choo, au tumboni mwa mume. Ngoja kidogo. Utashangaa mikono itakayonyooshwa, na hao ndio uliokwenda kwa ajili yao.

Limebaki jambo moja, fundi, na hili si ombi. Miezi mitano umejaza damu mwilini mwako ambayo haikuwa yako. Daktari akikupima akakuona uko sawa, nenda kitengo cha damu ukunje mkono wa shati utoe. Huenda kundi lako si la mkeo. Toa hivyo hivyo. Siku hiyo kuna mwanamume mwingine kwenye lile benchi, mlango umefungwa, ameshika kandambili. Mpelekee.