Kingamwili Ndani ya Sotet Yako

Mpendwa Baba,

Leo nimecheka peke yangu mbele ya friji ya maabara kwa sababu yako. Kerubo, mwenzetu mpya, alifungua friji akakuta sotet yako, kile kibuyu cha maziwa, imesimama kati ya chupa za dawa. Akadhani ndani mna maziwa yetu ya mgando, akaita kama aliyeona nyoka: "Chelangat! Nani ameweka mursik kwa friji ya research?"

Ikabidi nimweleze kisa chote. Na wewe nakuandikia, maana kuna jambo ambalo sikuwahi kukuambia.

Unakumbuka Ijumaa ile nilipotoka Kericho na kisanduku cha barafu mapajani? Ndani mlikuwa na kichupa kimoja, kidogo kuliko kidole changu cha mwisho, cha kingamwili. Nilikueleza kwamba hicho ni kitu kinachotafuta protini moja tu, ile inayoshikanisha seli za mwili wa binadamu, na kikiipata kinang'ang'ania hapo hapo. Tukitia rangi, tunaona kama seli za saratani ya koo bado zimeshikana au zimeanza kuachana. Tulikuwa tumekingoja miezi. Kingepata joto kingeharibika, na utafiti wangu ungesimama.

Wewe ulitaka kujua kinatengenezwa na nani. Nikasema kinatoka kwa sungura. Ulicheka mpaka ukashika ukuta.

"Sungura huyu huyu wa kumaliza sukuma yangu?"

Kumbe transfoma ya eneo letu ilikuwa imepasuka. Maabara haikuwa na stima mpaka Jumatatu, na nyumbani vilevile. Mahali pamoja tu ndipo palikuwa na jenereta, pale kwenye ushirika wa maziwa wa Chebunyo, ambako wewe ulisimamia mtambo wa kupoza maziwa. Nikakukabidhi kisanduku nikikuonya kama mtoto: kiwe baridi, lakini kisigande.

"Baridi ya maziwa ndio kazi yangu," ukasema.

Jumatatu nikaja mbio. Nikafungua ile friji ndogo ya sampuli za maziwa, kisanduku hakuna. Ndani mlikuwa na soda za watu wa pikipiki na sotet yako. Ukaichukua taratibu, ukafungua kifuniko, ukaiinamisha, na kichupa changu kikateleza nje kikiwa kimefungwa kwa nailoni, lebo nyeusi kwa vumbi la makaa.

Nilikufokea, Baba. Mbele ya akina mama waliopanga foleni na mitungi yao. Nilisema umeniharibia kazi, nikauliza nani duniani huweka kitu cha maabara ndani ya kibuyu kilichopakwa makaa na kulaza maziwa miaka yote. Wewe ulingoja nimalize.

"Hapa kila mtu anafungua friji akitafuta soda. Hiyo box yako wameitoa mara mbili, nikairudisha. Lakini sotet ya mtu, nani atagusa?"

Kisha ukanipa daftari la mtambo. Kila saa ulikuwa umeandika baridi ya ile friji: nyuzi nne, nne, nne. Hata Jumapili, saa za ibada.

"Kanisa sikuenda, pasta ataniuliza," ukasema. "Enda ujaribu kwanza. Ikikataa, rudi unigombeze vizuri."

Nilienda nimenuna, sotet yako mkononi na kichupa ndani yake. Kesho yake nilipoinama kwenye hadubini, seli zilikuwa zimezungushiwa mistari ya kahawia, safi kabisa, moja baada ya nyingine. Nilipiga kelele mpaka daktari wetu akaja mbio akidhani nimejikata. Sijawahi kufurahi hivyo kazini.

Wiki iliyofuata nikakuleta uone. Ulivaa koti lako la kanisani kuja kuangalia kipande cha kioo! Ukafumba jicho moja, ukasema, "Hii si ni shamba ya chai?" Nami tangu siku hiyo sioni kitu kingine: michai iliyobanana mlimani, na vijia katikati.

"Na hapa? Mbona vijia vimekatika?"

Nikakuambia hapo ndipo ugonjwa ulipo. Uliangalia tena, muda mrefu.

"Basi huo ugonjwa uufuate hapo hapo," ukasema.

Nilikununulia chai na chapati, nikakusifu kwa kila mtu. Lakini kwa yale makelele ya mbele ya akina mama sikuwahi kukuomba msamaha. Nilidhani chapati zimetosha. Na wewe kila nilipokuja nyumbani uliuliza swali moja tu: "Sotet yangu iko wapi?" Nami nikijibu, nitaileta mwezi ujao. Halafu ukatutoka.

Iko hapa, Baba. Kila kichupa kipya kinaingia humo, kwanza kwenye mfuko safi, usijali. Maana watu wa maabara nao ni wale wale, wanapekua friji wakitafuta maziwa ya chai. Sotet hawaigusi.

Kerubo aliposikia yote hayo aliirudisha polepole mahali pake.

"Kwa hivyo mtu asiiguse bila kuuliza mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Na mwenyewe ni nani?"

"Ni Baba," nikasema.

Uliniambia ikikataa nirudi nikugombeze. Haikukataa, Baba. Kwa hiyo nimerudi kukuomba msamaha.

Kongoi, asante sana, na upumzike vyema.

Binti yako Chelangat,
aliyebaki na sotet yako