Ghala Letu Kufungiwa Wageni, na Habari ya Walusimbi

KIKUNDI CHA AKINA MAMA WAKULIMA, NYAMARAMBE

Kumbukumbu za kikao cha Jumatatu, tarehe 14 Machi 1977. Tulikaa kwenye kibanda cha wauza ndizi, kwa sababu ghala letu lina watu ndani.

WALIOHUDHURIA
Nyamusi – Mwenyekiti
Nyanchera – Mweka Hazina
Kemuma – Katibu
Ramila, mwenye duka – mgeni mwalikwa
Wanachama wengine, pamoja na waliokuja kusikiliza tu

WASIOKUWEPO
Bonareri, binti wa Katibu – yuko mlangoni pa ghala na chakula cha mume wake. Udhuru umekubaliwa.
Mke wa Makori – hakutoa udhuru. Alionekana akisukwa nywele.

KUMB. NA. 1/3/77: GHALA
Mwenyekiti alieleza kwamba tangu duka la Ramila livunjwe na wageni kushukiwa, Naibu Chifu aliomba ghala la kikundi ili wageni wasio na karatasi za kukaa Kenya wafungiwe humo, mpaka lori ya serikali iwarudishe mpakani. Mwenyekiti alitoa ufunguo bila kuuliza mtu. Alipoulizwa sababu, alisema Naibu Chifu alikuja na askari, na yeye alikuwa anakamua ng'ombe. Katibu alisema kukamua hakuzibi mdomo. Mwenyekiti alimkumbusha Katibu kwamba kazi yake ni kuandika. Imeandikwa.

Nyanchera alisema wageni wakae humo humo. Alisema amechoka kulala na panga kando ya kitanda, na mtu asiyemjua akipita anamwangalia mikono kabla ya kumsalimia. "Wakifungwa, mimi ninalala," alisema. Katibu alimuuliza kama amelala tangu wafungwe. Nyanchera alisema hapana.

Ramila alisema duka lililovunjwa ni lake na wezi aliwasikia kwa masikio yake. Walimtukana kwa Kikisii kizuri, na walijua hata duka lilikuwa la nani kabla yake. "Mtu wa Uganda atajifunza wapi matusi ya Nyamarambe?" Aliwaambia polisi hivyo, wakasema alikuwa na hofu, hakusikia vizuri. Aliomba maneno yake yasifike mbali, maana mume wake Haresh naye anangoja karatasi za uraia, na ofisi ni ile ile ya wageni. Katibu alimwambia maneno ya kikao yanaandikwa au hayasemwi. Ramila akasema, "Basi andika, mama."

KUMB. NA. 2/3/77: MKWE WA KATIBU
Kwa asiyejua: mmoja wa waliofungwa ni Walusimbi, fundi wa baiskeli. Alikimbia Uganda baada ya ndugu zake kuchukuliwa na wanajeshi wasionekane tena. Ameoa Bonareri, wana watoto, wamejenga kwenye shamba la Katibu. Akirudishwa mpakani kila mtu anajua yatakayompata.

Ijumaa afisa wa wageni kutoka Kisii alimwita Katibu ghalani, akamsimamisha mbele ya Walusimbi, akauliza, "Mama, unamjua huyu?" Sasa, hapa kwetu mama mkwe na mkwe hawatazamani uso wala hawatajani jina. Hiyo ndiyo chinsoni, adabu ya wakwe. Katibu alijifunika leso akatoka nje. Walusimbi naye aligeukia ukuta, kwa sababu hata kwao mama wa mke hakodolewi macho. Afisa, kijana wa mbali asiyeuliza, aliandika kwamba mwenye boma amemkana mtu huyu, na mtu mwenyewe ameshindwa kumtazama. Katibu hakukosea. Alifanya kama mama mkwe yeyote aliyelelewa.

Mwenyekiti alieleza kwamba Jumamosi alikwenda kumfahamisha afisa. Aliambiwa adabu haiandikwi kwenye karatasi za serikali. Anayetakiwa ni mwenye boma, amtazame mtu, amtaje jina, aseme ni wake. Mzee Mogire, mume wa Katibu, alishafariki, na vijana wake wako Kericho. Amebaki Katibu peke yake.

Nyanchera alisema chinsoni haivunjwi kwa ajili ya mtu wa kuja, watakaougua ni wajukuu. Mwanachama mmoja aliuliza wajukuu hao watalishwa na nani baba yao akizikwa Uganda. Palikuwa na kelele. Mwenyekiti alijitolea kwenda yeye na kusema ndiye Kemuma. Katibu alikataa. Kemuma ni mmoja, na Nyamusi hana sura hiyo.

Wakati huo lori ilisikika ikipanda kilima. Katibu alifunga daftari akasimama. Hakuna kura iliyopigwa.

KUMB. NA. 3/3/77: KIKAO KUHAMIA GHALANI
Wanachama wote walimfuata Katibu, hata Nyanchera. Walusimbi alipomwona mlangoni aligeukia ukuta tena. Katibu alitoa leso kichwani akamwambia, "Walusimbi, geuka. Adabu yako nimeiona. Sasa nionyeshe uso." Aligeuka machozi yakimtoka. Ana kovu chini ya jicho la kushoto. Katibu hakuwa akilijua.

Katibu alimwambia afisa, aliyekuja na lori, "Huyu ni Walusimbi, mume wa binti yangu. Analala kwangu, anakula kwangu. Akikosa, njoo unishike mimi." Akina mama waliinamisha vichwa kwa aibu. Afisa aliuliza kwa nini hakusema hayo Ijumaa. Katibu alimwambia akamuulize mama yake mzazi.

Afisa alikata aliyoandika. Alisema Walusimbi hatapanda lori hii, ila atabaki ghalani mpaka Kisii wajibu. Hakusema watajibu lini, wala watajibu nini.

Wale wengine walipakiwa. Mmoja alituuliza kama kuna anayemjua. Hakuna aliyejibu. Lori iliondoka.

Kikao kiliishia hapo mlangoni, saa nane mchana. Nakala moja inapelekwa kwa afisa wa wageni, Kisii, aisome yote.

Mwenyekiti: Nyamusi

Katibu: Kemuma wa Mogire, mama mkwe wa Walusimbi