Sayari Niliyoitoa Nje Mapema

Mama yangu mpenzi,

Mwakeye. Nakuinamia na kupiga makofi ya salamu kama ulivyonifundisha, ingawa nikifanya hivyo hapa ofisini Ujerumani watadhani naua mbu. Goti linaendeleaje? Maharage ya bondeni yameota? Mimi ni mzima, ila baridi imenikausha mikono.

Mama, kuna jambo linaninyima raha. Juzi kwenye simu ulinisimulia ulivyosimama mbele ya kina mama wa jumuiya: "Binti yangu na wenzake wamegundua dunia tatu, zinazunguka jua lisilo letu!" Jirani yako Mama Yusta akauliza, "Zinaota mihogo?" Ukamjibu, "Subiri, mwanangu hajapima udongo." Nilicheka nawe. Sikuthubutu kusema kwamba asubuhi ile nilikuwa nimeshajua ni mbili.

Sayari zenyewe hatuzioni. Nashinda kwenye kompyuta nikipima mwanga wa nyota yao, inayofanana sana na jua letu. Sayari ikipita mbele yake, mwanga hufifia kidogo. Hapo tunajua ukubwa. Uzito tunaujua kwa jinsi nyota inavyoyumba ikivutwa na sayari hiyo. Ni kama ulipokuwa ukipanda kutoka sokoni na Zabloni mgongoni: kitenge kilimficha, lakini kwa mwendo wako nilijua mdogo wangu ameongezeka uzito.

Ya kwanza ni ya mawe, inaungua kwa joto. Ya pili ni kubwa lakini nyepesi, imejaa hewa kama andazi. Ya tatu, niliyoipenda kwa kuwa nilidhani ina ubaridi wa kiasi kama wa Kasulu, haikuwepo. Yalikuwa madoa usoni mwa nyota, yakizunguka nayo na kupunguza mwanga. Profesa wangu alikuwa amesema tungoje kabla ya kutangaza. Mimi nikakupigia simu.

Wewe hujawahi kumtoa mtoto mchanga nje kabla siku zake hazijatimia. Nami, niliyelelewa na wewe, nimefanya hivyo.

Aibu yangu naiweza. Ninachoogopa ni kukupunguzia tena tatu kuwa mbili. Watu wakikuuliza una watoto wangapi, unasema watatu, ingawa tuko mimi na Zabloni. Yule wa katikati alituacha siku ya tano, hajatolewa nje, hajapewa jina. Nilisikia sauti yako uliposema "tatu". Ndiyo maana nilinyamaza.

Tafadhali waambie kina mama ni mbili, na kwamba aliyekosea ni mimi. Msalimie shangazi muuza dagaa, na Zabloni akija kutoka Kibondo. Wifi yangu, mkewe, mwambie asiwe na haraka ya kumtoa nje mtoto wao mchanga. Akihitaji mfano, anao.

Lakini wakikuuliza watoto, endelea kusema watatu. Yule alikuwepo, mama. Nilikuwa mdogo, lakini niliona ulivyokuwa ukitembea.

Ni mimi, kifungua mimba wako,
Devota