Batu Banapita mu Njia Yako

Kasongo, mutoto wangu wa kwanza,

Lala, lakini fungua sikio moja. Mi mama yako, niliachia masomo mu mwaka wa ine wa primaire, nimemushinda Tata Mulunda.

Alikuja ku kilio ya kifo yako, yeye muongozaji mukubwa wa batalii. Akakula bukari, ugali yangu, mpaka akalamba vidole, kisha akasema mbele ya batu: "Mutoto alikuwa na haraka. Jiwe halina kosa."

Jiwe! Yeye njo alikutuma, wewe mufanyakazi wake, ushuke mu korongo, kule chini ya bwawa ya Nzilo, mvua inanyesha, sababu batalii balitaka picha ya muto Lualaba ikipasuka kati ya mawe. Njia yake ya sifa. Wewe ulimuambia mupitie mu pori, mu njia ulianza kufyeka mwenyewe. Akakucheka: "Ile ni ya mbuzi! Nani atalipa kuona majani?" Ukashuka, ukateleza ku jiwe. Hukupanda tena, mutoto wangu. Hukupanda.

Machozi yalikauka mbio. Hasira ilibakia. Nikakamata panga yako, nikamaliza kipande cha njia yako kilichobakia. Kisha nikavaa kitenge yangu nzuri, nikasimama pale motokari zinasimama, nikawaambia batalii ba Lubumbashi: "Kule munaenda kusukumana na kuteleza. Kwangu munaona Lualaba yote toka juu ya kilima, munakula uyoga wa pori, munarudi na miguu yenu yote miwili." Bakacheka. Bakanifuata. Unajua mulomo yangu, hakuna mwanamuke wa Kolwezi ananishinda. Miguu yako ya kupanda kilima pia ilitoka kwangu.

Sasa batalii habamutafute Tata Mulunda tena. Juzi akafika ku mulango: "Mama Kasongo, unipatie kazi." Nikamuacha asimame ku jua mpaka nikamaliza kukata majani ya sombe. Nikamujibu: "Kazi iko. Utabeba chungu ya chakula, utatembea nyuma ya wote. Na mwanzo wa njia, kila siku, utawaambia batalii: hii njia alifyeka Kasongo, na mi njo nilimutuma pale alifia."

 Kisha: "Hiyo ya mwisho, mama, unitolee."

Nikakatala.

Leo asubuhi aliisema. Sauti ndogo, macho chini. Nikamuambia arudilie, ba nyuma habakusikia.

Lala vizuri, moyo wangu. Kesho kuko batalii bengine. Atasema tena, na mi mama yako nitakuwa nimesimama pale nyuma kabisa.